Sanda Yako Nairudisha, Shangazi

S.L.P. 1926,
Kisumu.
Jumapili, 10 Oktoba 1993.

Mpendwa Shangazi Zuleha,

Assalaam aleikum, na shikamoo yako. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani na si kitandani, na yale magoti yaliyokusumbua wakati wa masika yawe yametulia. Macho je? Ile dawa ya matone unaipata hapo Tanga, au ni mpaka mtu atoke Dar es Salaam? Nijibu yote. Usiniandikie "hatujambo" halafu ukafunga bahasha, kama kawaida yako.

Huku kwetu Kaloleni mvua inanyesha kila jioni na ziwa linanukia hadi mlangoni. Swaumu wangu yuko kidato cha pili, amenipita kimo, na anakusalimu sana. Mimi ni mzima. Narudia, Shangazi, ili usije ukadhani macho yamekudanganya: mimi Safia ni mzima, na mwandiko huu ni wangu.

Mzigo wako umefika. Mwanao Seif aliuleta Alhamisi alipopita na lori lake. Nikaufungua mbele yake. Juu palikuwa na halua, chini ya halua ubani, na chini ya ubani bafta nyeupe iliyokunjwa vizuri, inanuka kafuri. Sikuhitaji kuambiwa ni nguo ya nini.

Nikamuuliza, "Seif, ni wewe uliyenizika?"

Akaangalia viatu vyake. "Dada, mimi nilisema tu nilichokiona mwezi wa nne."

"Uliona nini?"

"Niliona umeisha."

Akasema lori linamngoja, akaenda. Chai niliyompikia aliiacha mezani. Nisikufiche, niliudhika sana. Mwanamke ninayejilisha mwenyewe, ninayemsomesha mtoto mwenyewe, naletewa sanda mlangoni kama mtu anayeletewa gazeti! Nililala nayo chumbani nikiwa nimeipa kisogo. Lakini hasira hiyo imekwisha, na kabla sijakueleza ilivyokwisha, acha nikueleze Seif aliona nini.

Mwaka jana nilipata kidonda mguuni, kidogo tu, cha kukwaruzwa na kuni. Kikakataa kupona. Nikaenda kliniki, wakanipima, wakasema ni sukari, na presha iko juu. Daktari akaniambia niondoe unene, la sivyo huo mguu tutakuja kuuzungumza kwa namna nyingine. Shangazi, wewe unaijua kazi yangu. Mpishi wa harusi anasimama kutwa nzima. Bila mguu mimi ni nani?

Kupungua basi kukawa ni amri. Lakini utapungua vipi bila kujua una kilo ngapi? Mizani ya kliniki ilikuwa imeharibika. Rafiki yangu Dorca, huyu Mama Awuor anayeuza samaki pale sokoni Otonglo, ana mizani kubwa ya kuning'iniza, ya kupimia mbuta wanaotoka Asembo Bay. Akachukua gunia, akalifunga kamba kama bembea, akanikalisha ndani yake na kunitundika kwenye ndoano. Mshale ukazunguka, ukapita mia, ukagota mwisho. Soko zima likaacha kuuza.

"Mama Swaumu," Dorca akasema, "wewe umetoka nje ya hesabu."

Unajua mimi sipendi kitu kisichohesabika. Nikaacha sukari kwenye chai, nikaacha chapati, nikaacha ule ukoko wa pilau ambao mpishi hula akijifanya anaonja. Nikala mboga ya mrenda na samaki wa kuchemsha. Baada ya muda mshale ukarudi ndani, ukasimama tisini na tisa. Dorca akapiga kigelegele. Mimi nikaagiza mfuko wa mchele wa kilo hamsini, haujafunguliwa, tukautundika. Mizani ikasema arobaini na saba.

"Mama Awuor, mizani yako inaiba!"

"Inaibia wavuvi," akasema. "Wewe inakuhurumia. Nyamaza."

Kwa kila kilo hamsini inaficha tatu. Hiyo tisini na tisa yangu ilikuwa mia na tano. Tangu siku hiyo mizani inasema yake na mimi najumlisha yangu.

Halafu kuna kutembea. Daktari alisema nitembee, na Dorca, ambaye naye si mwembamba, akasema tutatembea wote. Alfajiri nikishasali tunaondoka. Lakini hapa kwetu mwanamke akitembea mikono mitupu, hana mzigo wala haendi popote, watu wanasimama. Asubuhi ya kwanza tulisalimiwa na kila mlango: "Mnaenda wapi? Nani amekufa?" Mzee mmoja alitufuata kwa baiskeli kutupa pole ya msiba. Kesho yake Dorca akaja na karai mbili, akazifunika kwa kitambaa, akanitwika moja. Ndani hamna kitu. Tangu hapo hakuna aliyetuuliza tena. Mpaka leo watu wa njia ile wanaamini tunauza kitu, ila hawajawahi kujua ni nini.

Mpaka hapo ilikuwa kicheko, Shangazi. Taabu ilikuja nilipoanza kupungua kweli.

Unajua ugonjwa uliopo siku hizi. Huku kwetu umezika watu mpaka mbao zinakuwa adimu. Mtu akikonda, hata hajakohoa, watu wameshamaliza kusema. Na mimi ni mjane. Wakahesabu: mume alikufa, sasa na mke anaisha. Bakari wangu aligongwa na trekta la miwa njia ya Muhoroni, na watu hao hao walikuja matangani wakaiona ile baiskeli iliyopindika. Wakalisahau trekta lote zima!

Kwenye mfereji tunaochotea maji, wenzangu wakaanza kusogeza ndoo zao mbali na yangu. Aliyeniita kumpikia harusi ya mwanawe akatuma mtu kusema wamepata mwingine. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Masufuria yangu, yale niliyoyapata moja moja baada ya Bakari kufa, wakati ndugu zake wote walikuwa wamenigeuzia migongo, yakakaa chali uani yakiota vumbi. Hakuna aliyekuja kuniuliza, "Safia, una nini?" Wewe nakujibu bila kuulizwa, kwa kuwa ni shangazi yangu: ni sukari tu, na vipimo vingine vyote nimefanya. Lakini karatasi sikuipeleka kwa mtu. Na hata ningekuwa na ugonjwa huo, ningestahili kunyimwa salamu?

Basi nikaamua kunenepa. Usicheke. Nilifanya hesabu: nikikonda mguu unapona, lakini nakosa kazi, nikinenepa napata kazi, na mguu Mungu anajua. Swaumu anahitaji karo mwaka huu, si mwaka ujao. Nikapika chapati sita, nikachukua na bakuli la nyama yenye mafuta, nikakaa chini. Dorca akanikuta nimeshika ya kwanza.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ni ya wale wa mferejini."

Akaichukua mkononi mwangu, akaitazama. "Wao ndio watakatwa mguu?" Akaketi. "Mtu mmoja akikonda," akasema, "huyo ni mgonjwa. Tukikonda watatu je?"

Wa tatu ni Nabalayo, fundi wa cherehani anayekaa nyuma yangu, Mluhya mnene wa kicheko kikubwa. Alivyoambiwa, akasema ugali hataacha hata mbele ya malaika, lakini ataukata nusu. Jumamosi iliyofuata, saa ya soko kujaa, tukapimwa wote watatu hadharani, Dorca anatangaza kilo kama mnadani. Na kila Jumamosi baada ya hapo. Mume wa Dorca, Bwana Ouma, alikuja mbio.

"Mama Awuor, unataka watu waseme sikulishi?"

"Wakikuuliza, waonyeshe tumbo lako. Watajua chakula kinakwenda wapi."

Hata wachuuzi wa vitunguu walilia kwa kicheko. Ouma akaondoka akiwa ameweka mkono tumboni. Siku hizi naye anaacha ugali mara moja kwa wiki, ila anasema ni kwa sababu ya meno.

Nabalayo alifanya jingine, ambalo mimi nisingelifikiria. Aliniambia, "Gauni likikuning'inia, watu wanaona ugonjwa. Likikukaa, wanaona mwanamke." Kwa hiyo kila nikipungua alinibana nguo zangu, zote, mpaka za kupikia. Hakukata kitambaa, alikikunja kwa ndani. Nikamuuliza kwa nini asikate, akasema, "Huwezi kujua, Safia. Mapishi yako nayajua." Lakini kila nilipotoka nje nilikuwa nimevaa nguo iliyonikaa, na hiyo pekee ilinisimamisha wima.

Mwezi wa nane Awuor, binti wa Dorca, akaolewa. Dorca akasema mpishi ni mimi. Upande wa bwana harusi wakatuma mzee wao, Oketch, kuomba kwa heshima atafutwe mwingine. Dorca akamjibu kwa heshima ile ile kwamba mwingine hayupo.

Nilipika kama sijawahi kupika. Chakula kikaiva, watu wakapanga mstari, kisha mstari ukasimama. Pilau inafuka moshi, sahani ziko mikononi, hakuna anayesogea. Nimesimama na mwiko mbele ya watu mia tatu. Shangazi, nimezika mume, lakini pale nilitamani ardhi inifunike.

Dorca akatoka meza kuu, amevaa gomesi la mama wa bibi harusi na kile kilemba chake kirefu. Akatandika mkeka mbele ya sufuria. "Mama Swaumu, pakua sinia moja, la kula pamoja kama kwenu." Nikapakua. Akakaa chini. "Kaa." Nikakaa. Nabalayo akaja akakaa bila kuitwa. Tukala watatu kwenye sinia moja, kwa mikono, kama tunavyokula sisi nyumbani, tonge la mkono wangu likigusana na tonge la mkono wa Dorca. Hakuhutubia. Alisema tu, mdomo umejaa, "Chumvi iko sawa." Kisha akanong'ona, "Mama, hii pilau itanirudishia kilo zangu zote."

Yule mzee Oketch alikuwa wa kwanza kuja. Akanyoosha sahani. "Nyama isiwe kidogo," akasema. Baada yake sikuona tena nani ni nani. Nilikuwa napakua huku machozi yanadondoka, na nikamwambia kila mtu ni moshi. Sufuria zote zilirudi tupu. Tangu siku hiyo nimeitwa mara nne, na mmoja wao ni yule yule aliyenikimbia kwanza. Nilimpikia. Sikumsamehe bado, lakini nilimpikia vizuri. Kidonda kimefunga. Mizani inasema sabini na nane. Mimi najua ni themanini na tatu. Dorca ananiambia zile tano nimwachie yeye.

Sasa turudi kwenye bafta. Kwa hasira yangu nilimpelekea Nabalayo Ijumaa asubuhi, nikamwambia, "Nikatie aproni tatu za kupikia, yako, yangu na ya Dorca." Akaitandaza, akachukua mkasi, akausimamisha. Jicho la fundi. Akaniuliza, "Huu uzi wa buluu kwenye pembe ni wa nini? Nguo ya dukani haina."

Nikakumbuka. Mwaka ulipotoka Hija nilikuja Tanga, ukatufungulia sanduku, ukatuonyesha sanda yako uliyoiosha kwa maji ya kisima cha Zamzam, huko Makka, kwa mikono yako. Ulitia uzi wa buluu pembeni ili isichanganyike na za mahujaji wenzako. Ukasema, "Hii asiiguse mtu. Hii ndiyo nyumba yangu."

Shangazi, nilikaa juu ya kiti cha wateja. Nilidhani umeninunulia sanda. Kumbe umenipa yako. Ulisikia ninakufa kwa ugonjwa unaofanya watu waziondoe ndoo zao karibu nami, nawe ukatoa kitu ambacho huwezi kukipata tena, maana magoti hayo hayatakurudisha Makka. Nabalayo, ambaye ni Mkristo, aliikunja mwenyewe, polepole, akanawa mikono na kuifunga kwenye karatasi safi.

Ahsante. Neno ni dogo, lakini sina jingine. Ndugu wa Bakari hawakunipa hata pole, na wewe ulinipa nyumba yako.

Nairudisha kwa mkono wa Seif, ambaye nimemsamehe na kumnywesha chai mpaka akamaliza. Pamoja nayo nimeweka lile gauni la hudhurungi ulilonishonea mwaka huo huo. Nabalayo amefumua mikunjo yote, sasa limerudi upana wake wa zamani. Kwangu ni hema, kwako litakaa. Nimetia na karai ndogo. Umwambie jirani yako, Bi Mwanahamisi, achukue nyingine, mtembee wote mpaka pwani na kurudi, na mkiulizwa mnauza nini, msijibu. Magoti yatakushukuru.

Nisalimie Bi Mwanahamisi, mke wa Seif na watoto wao wote, na yule mzee wa dukani anayekusomea barua zangu macho yakichoka. Mwambie hapo kwenye sinia asome polepole. Dorca anasema ero kamano, ndiyo ahsante ya kwao. Nabalayo anakusalimu na anaomba radhi kwa mkasi. Mungu akuweke, akupe macho ya kuniona nikija Tanga shule zikifungwa, mimi na Swaumu, kwa miguu yangu yote miwili.

Sanda iweke chini kabisa ya sanduku, Shangazi, na juu yake rundika nguo za kuvaa. Anza na hilo gauni.

Ni mimi bintiyo nikupendaye, wa kilo themanini na tatu,

Safia