Maua Ndani ya Icyansi

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Mvua ilinyesha alfajiri, ikatuachia matope ya kutosha ya kufanyia kazi, kisha jua likatoka. Nina furaha ya kijinga. Acha niiandike kabla haijapoa.

Wanaonisoma hapa wanajua kazi yangu: naendesha kurasa za mtandaoni za makumbusho madogo hapa Kiyovu. Mwaka mzima nimekuwa nikiandika saa za kufungua, bei ya kuingia, karibuni nyote. Waliokuwa wakipenda picha zangu ni wafanyakazi wenzangu na binamu yangu wa Karagwe, ambaye hupenda kila kitu.

Mama hakuwahi kukanyaga hapo. Anakaa Remera, wala si mbali. Kila nikimwalika jibu lilikuwa lile lile: vitu vya kwao akavitazame nyuma ya kioo kama mtalii? Bibi alikimbilia Karagwe, Tanzania, akiwa na mtoto mgongoni na chombo cha maziwa mkononi. Mtoto huyo ndiye Mama. Niliacha kubishana naye, ila iliniuma. Nilitaka aone ninachofanya.

Jumatatu nikatia maua meupe ndani ya icyansi, kile chombo cha mti cha kuwekea maziwa, nikakipiga picha dirishani. Mwanga ulikuwa mzuri kweli. Nikaipandisha Instagram na Facebook, nikaenda kula.

Niliporudi, watu walikuwa wameniwashia moto. Icyansi ni cha maziwa. Hakitiwi maua, hakitiwi maji, hakichezewi. Nimezaliwa Tanzania, lakini huo si udhuru. Nyumbani niliambiwa, nikasahau kwa tamaa ya picha. Na katikati ya maoni hayo, mwanamke mmoja, ambaye kwenye picha ya ukurasa wake amejipamba kwa nguo za kanisani, alikuwa ameandika:

"Hicho ni cha maziwa. Toa hayo majani. Huyu mtoto alilelewa na nani?"

Mama.

Nikamjibu kwa jina la makumbusho, mbele ya dunia nzima: "Na wewe, Mama. Njoo unirekebishe."

Madamu Espérance, mkurugenzi wetu, hakucheka. Alilelewa Bujumbura na masista, na hapendi kelele. Alitaka nifute kila kitu. Nikamsihi asome kwanza, kwa sababu chini ya utani wetu watu walikuwa wameanza kueleza vyombo vya bibi zao, jinsi vilivyofukizwa kwa moshi wa majani, nani aliruhusiwa kuvigusa. Nikaomba radhi, maua nikayatoa, picha nikaiacha. Kisha nikauliza: kwenu kilikuwa cha nani? Majibu yakamiminika. Bei ya kuingia haijawahi kujibiwa hivyo.

Madamu akasema, "Bon, haya. Tutaangalia hadi Jumamosi."

Leo mchana, Mama huyo mlangoni. Buti za umuganda bado zina matope, na kwapani ana kitu alichokifunga kwenye kitenge. Salamu yangu aliijibu nusu nusu. Alienda moja kwa moja kwenye icyansi, akakikagua kama mzazi anayemkagua mtoto aliyerudi kutoka bwenini, akitafuta alipokonda.

Kisha akafungua kitenge. Mfuniko wa kusukwa, wenye ncha ndefu, mweusi kwa moshi wa zamani. Wa Bibi. Chombo chenyewe kilipasuka Karagwe kabla sijazaliwa. Mfuniko Mama ameutunza kabatini miaka yote, na mimi mwanawe sikuwahi kuuona. Madamu mwenyewe ndiye aliyeondoa kioo. Mama akauweka juu ya icyansi kwa mikono miwili.

Haukutosha.

Ulikuwa mpana kidogo, ukalala upande kama kofia ya mlevi. Tukatazamana, tukacheka wote, hata Madamu akatafuta kitambaa cha kujifutia macho.

"Si saizi yake," Mama akasema, "lakini ni afadhali kuliko maua. Piga picha. Na uandike jina la mama yangu."

Nimeandika: Mfuniko wa Kankindi. Sikuongeza saa za kufungua.

Mama amekataa kuondoka nao. Anasema kabatini ulikuwa peke yake mno. Nampenda mwanamke huyu hadi nakosa la kuandika.

Jioni hii amenipigia simu. Kesho akitoka kanisani, anaweza kupita kidogo kumwona mama yake? Nimemwambia Jumapili huwa tumefunga.

Kisha nikampigia Madamu, kumwomba funguo.