Chubwi za Jikoni Kwetu

Jumatatu, 7 Julai
Leo tumeyeyusha betri mbili za gari. Mwanangu Somoe kapuliza moto, mimi nikamimina risasi kwenye mchanga. Chubwi zimetoka nzuri, nyavu zitazama. Tunayeyushia humu humu jikoni, nje upepo unasumbua moto. Mwanangu analalamika tumbo. Uvivu labda. Tangu atoke unyagoni simwachii kuzurura. Namtaka karibu yangu, machoni pangu.

Alhamisi, 10 Julai
Somoe hajaziona siku zake miezi sasa. Nimejua kwa vitambaa, havifuliwi. Chakula hataki. Nimemuuliza, kalia tu. Mimba. Itoke wapi, na mlangoni hatoki? Nimempiga. Roho inaniuma.

Jumatano, 16 Julai
Zahanati wamempima. Hana mimba. Nikacheka kwa furaha, mganga hakucheka. Kamfunua macho, ya manjano. Kauliza nyumbani tunafanya kazi gani. Katuandikia twende Lindi mjini, damu ikapimwe. Naogopa.

Jumanne, 22 Julai
Tumerudi. Risasi imo kwenye damu yake. Daktari binti mdogo, ila kanieleza taratibu. "Mama, ini lina vimeng'enya vya kusafisha mwili. Homoni ndizo zinazoviamuru. Risasi imevuruga amri zote, ndiyo maana ini limechoka na hedhi imekatika." Inaingia kwa moshi, na kwa vumbi la mikononi.
Nani anapuliza moto? Yeye. Nani kamkataza kutoka? Mimi.
Kwenye basi kalala begani kwangu mpaka Nangurukuru. Sikusogea.

Alhamisi, 24 Julai
Shemeji Hamisi, mdogo wa marehemu mume wangu, kaleta betri nyingine. Nikamwambia mtoto anaumwa, kazi hii siitaki tena.
"Nyavu hazizami kwa dua, shemeji."
Kasema huku anacheka. Chubwi anauza yeye, nyumba ni yake. Nikikataa natoka. Nitoke niende wapi, kwa mama chumba ni kimoja. Nimezipokea. Najichukia.

Jumapili, 27 Julai
Somoe kaenda Rutamba kwa mama yangu. Kule ni mikorosho na hewa. Atarudi Lindi kupimwa tena. Nguo alizokuwa anavaa jikoni sikumfungia. Kauliza mimi naenda lini. Nimesema karibuni.
Nimepiga deki jikoni, maji yakatoka meusi, nikarudia. Mafiga nimeyahamishia nje, nyuma ya choo. Upepo umezima moto, nikawasha. Ukazima tena.
Leo nimepuliza mwenyewe.