Nati Moja kwa Kila Gurudumu

Gereji ya Baba,
Nyuma ya duka la vioo.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi yangu na wanangu wawili. Hujambo? Lile bega lako linalouma wakati wa baridi limepoa, au bado unalipaka ile dawa ya kunuka mpaka wenzako kazini wanahama viti? Sisi huku hatujambo. Mama yu mzima, macho tu ndiyo yanamsumbua, lakini uzi kwenye sindano anatunga mwenyewe na hataki msaada. Shangazi naye yupo, amenenepa kidogo, ingawa ukimwambia atakujibu kwamba ni nguo zilizopungua kwa kufuliwa.

Najua ulivyomwambia Mama kwenye simu, kwamba tumeliharibu gari. Nilipochukua simu nikueleze, hukunipa nafasi hata ya kumeza mate. Ndiyo maana naandika. Barua ina uzuri wake, haikatizwi. Kaa chini, jimiminie chai, unisikilize mpaka mwisho, halafu ukitaka kukasirika kasirika.

Kwanza nikiri. Ni kweli. Lile gari jekundu la mbio, la viti viwili, halifungwi tena kwa nati tano kwa kila gurudumu. Sasa kila gurudumu lina nati moja tu, kubwa kama kisahani cha kikombe, inakaa katikati na ina masikio mawili yaliyochomoza. Unaikaza na kuifungua kwa kuyapiga masikio hayo kwa nyundo. Aliyeamua ni mimi. Mama hana kosa, kwa hiyo ukali wako uelekeze huku.

Usifikiri nimesahau nati tano. Nazikumbuka kuliko unavyodhani. Kila Jumamosi mchana, gereji ikishafungwa, Baba alilipandisha gari kwenye jeki, akakagua breki, kisha akatuita. Tulikuwa watu watano na nati tano kwa kila gurudumu, naye aliona hilo limepangwa. Kila mtu na yake. Mama alitoka jikoni na kitambaa chake kichwani, akaikaza ya kwake bila maneno, akarudi kwenye sufuria. Shangazi aliikanyaga spana kwa mguu mpaka Baba akamwambia, dada yangu, bolti hii haijakukosea. Wewe ulihesabu kwa sauti. Mimi nilikuwa mdogo, nikaning'inia kwenye spana kama nguo kwenye kamba, na Baba akaimalizia kimyakimya nisione.

Na sheria ilikuwa moja, asiyekaza hapandi. Viti viwili, Baba na mmoja wetu kwa zamu, mzunguko mmoja mpaka kiwanda cha viberiti na kurudi. Mpaka leo nikisikia harufu ya grisi na petroli pamoja, najiona nimekaa kwenye kile kiti cha ngozi iliyopasuka, miguu haifiki chini, na upepo unanitoa machozi.

Unakumbuka siku ulipojifanya unakaza? Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, umeshajiona injinia. Uliigusisha spana tu kwa sababu marafiki zako walikuwa wanakungoja uwanjani. Baba aliona. Akaikaza, akanipandisha mimi kwa zamu yako, nikakupungia mkono pale getini. Ulilia, Kaka. Umekuwa ukikana miaka yote hii, lakini ulilia, na kamasi zilikuwepo. Nilikuonea huruma mpaka tulipopinda kona.

Sasa nikueleze lile ambalo Mama hakukwambia, maana hapendi kumsema mumewe. Tangu kiharusi kimpate Baba, miaka miwili sasa, hajapanda gari lake. Unajua mkono wa kulia hauinuki. Tulidhani anaogopa. Nilimwambia mara nyingi, twende Baba, nitaendesha mimi, wewe kaa tu. Jibu lake lilikuwa lile lile.

"Mimi sikukaza."

Nikamwambia nati moja tu kwa kila gurudumu, nitakushikia spana. Akanikata jicho. "Unishikie kama mtoto?" Kweli ile spana ya msalaba inataka mikono miwili, na yeye alikuwa na mmoja, tena wa kushoto. Alijaribu mara moja alipodhani sipo. Spana ikateleza, ikamchuna vidole. Baada ya hapo hakuingia tena gereji. Alikaa sebuleni akitazama ukuta, mtu ambaye zamani ukimkosa chini ya gari hili, yuko chini ya lile. Gereji nikaiendesha mimi, na kila mteja aliponiuliza Mzee yuko wapi, nilisema amepumzika. Nilichoka kusema hivyo.

Wazo lilinijia kwenye gazeti kuukuu tulilofungia vipuri. Kulikuwa na picha ya gari la mashindano la zamani, fundi amelipigia goti, nyundo mkono mmoja, mkono wa pili kiunoni. Nilitazama ule mkono wa kiunoni, Kaka. Haukuwa na kazi yoyote.

Nikaenda kwa Polepole, yule mkereza vyuma wa mtaa wa nyuma. Bado yupo, bado anatembea kama anayehesabu hatua. Alichukua miezi mitatu. Alikereza vitovu vinne vipya, vinavyofungwa juu ya zile bolti tano za zamani, na katikati ya kila kimoja ameacha shingo nene yenye hesi kama za skrubu, za kupokea nati kubwa. Kwa hiyo nati zetu tano zipo bado, zimefunikwa ndani. Hakuna kilichokatwa wala kutobolewa. Ukija na ukitaka kurudisha ya zamani, ni kazi ya asubuhi moja. Rimu za sasa zina tundu moja kubwa katikati; zile za zamani nimezipaka mafuta, nimezifunga magunia, ziko juu ya dari. Hilo nilitaka ulijue mapema, maana nakujua.

Siku vitovu vilipofika, nilivipanga mezani, nikaweka na nyundo yenye kichwa cha shaba, ili isiyaumize masikio ya nati. Nikamwita Baba aje aone. Alikuja kwa fimbo yake, akaichukua nyundo pale mezani, akaipima uzito kwa kushoto. Akaweka fimbo chini. Mama alikuwa mlangoni, akageuka akaingia ndani haraka, na nilijua anakwenda kufanya nini.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lile haliwezi kufanywa na gereji nyingine yoyote ila hii ya kwetu.

Magurudumu ya namna hii yana upande. Nati za upande mmoja wa gari hukazwa kwa kuelekea kulia, za upande wa pili kwa kuelekea kushoto, ili gari likienda mbele ziwe zinazidi kujikaza. Ukizibadilisha pande, gari linakwenda huku linajifungua lenyewe. Polepole aliweka alama, nukta moja kwa vya kulia, nukta mbili kwa vya kushoto. Sasa jiulize, Kaka, kulia ya nani?

Wewe unajua. Dunia nzima kulia ya gari ni kulia ya dereva aliyeketi. Kwa Baba, kulia ni mkono wako wa kulia ukisimama getini ukiliangalia boneti, kwa sababu gari ni mgeni na mgeni hapokelewi kwa mgongo. Ulipotoka chuo cha ufundi ulimwambia, mbele ya wateja, kwamba amekosea. Akakujibu, "Chuo chenu kina dereva. Gereji yangu ina wageni." Tulicheka wiki nzima. Hata muuza vipuri alishajua, tukiagiza taa ya kulia anatupa ya kushoto bila kuuliza. Miaka yote haikutudhuru kitu, maana nati tano hukazwa upande mmoja kote. Mimi nimekulia humo. Nilifunga vitovu kwa kulia ya Baba bila hata kuwaza.

Baba alikaza yote manne, ameketi kwenye kigoda, jasho linamtoka. Gurudumu alilipandisha kwa kuingiza mguu chini ya tairi na kuliinua na goti. Hatukumgusa. Kisha akajipangusa mkono, akafungua mlango wa abiria, akaingia. Sikuamini macho yangu. Shangazi alianza kuimba, akaambiwa anyamaze.

Hatukufika mbali. Baada ya ukuta wa shule nilisikia mlio mdogo mbele, ko, ko, ko. Yeye aliusikia kabla yangu.

"Simama."

Nilishuka. Nati ya mbele ilikuwa imebakiza kama mizunguko mitatu ianguke. Nikazishika zile nyingine, zote zimelegea. Tungekuwa kwenye barabara kubwa, barua hii ingeandikwa na mtu mwingine. Baba alishuka akatazama. Sikumwona akikasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alichukua fimbo yake akarudi nyumbani kwa miguu, mimi nikabaki na gari katikati ya njia na watu wanapiga honi.

Polepole alikuja, akainama, akatazama nukta zake. "Nani amelivalisha viatu kinyume?" Hapo ndipo akili iliponirudia. Nilikimbia nyumbani nikamweleza Baba kupitia mlangoni, kwamba mkono wake haukukosea, kazi yake ilikuwa safi, ni pande tu. Shangazi akamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baba akamjibu kwamba koleo lenyewe ni yeye. Akasema gari liuzwe.

Siku tatu hakutoka chumbani. Siku hizo ndizo ulizopiga simu ukasema tumeliharibu gari, na mimi sikung'ang'ania kukueleza kwa sababu niliogopa kwamba nimemharibu yeye. Nilijuta, Kaka. Nilisema afadhali ningemwacha na ukuta wake.

Siku ya nne nilikwenda kufungua gereji asubuhi, nikakuta iko wazi. Baba yuko ndani, amevaa ovaroli, vifungo vimepishana kwa sababu amekataa kufungwa na Mama. Magurudumu mawili ameshayatoa na kuyaegemeza ukutani. Hakunisalimu. Alikuwa anaangalia lile boneti.

"Kaka yako alisema kulia ni upande upi?"

Nikamwonyesha. Alitazama upande ule, akatazama getini anakopokelea magari miaka yote.

"Haya. Lete chenye nukta moja."

Vitovu nilivibadilisha mimi, kwa nati zile tano za ndani, maana hiyo ni kazi ya mikono miwili na hakubisha. Magurudumu akayavisha yeye. Nati kubwa akazipiga yeye, moja moja, na kila akimaliza alipitisha kidole kwenye masikio yake kuhakikisha. Ilimchukua asubuhi nzima. Wateja wawili walikuja, wakaona, wakakaa kwenye benchi wakangoja bila kuuliza gari zao.

Tulikwenda mpaka kiwanda cha viberiti. Kimefungwa siku hizi, ni majani matupu, lakini tulikwenda. Akaniambia nisimame nikague. Nikazunguka magurudumu yote na nyundo, hakuna hata moja lililosogea. Nililia pale barabarani, na sikujificha. Yeye alikaa tu ndani, uso juani, mkono wa kushoto umetoka dirishani, kama alivyoutoa wa kulia zamani akiendesha, tukiwa wadogo. Akaniuliza kama nina mpango wa kukesha hapo.

Sasa kila asubuhi gereji anaifungua yeye, mimi nikija nasemwa kwa kuchelewa. Kazi ya nyundo na kazi ya kusikiliza injini ni zake. Wateja siwadanganyi tena. Ameanza na ukali wake wote, tena umelimbikiza riba ya miaka miwili, na nimefurahi hivyo hivyo. Ulitaka ulikute gari kama ulivyoliacha. Nakuelewa, hata mimi ningetaka. Lakini gari kama ulivyoliacha lilikuwa limesimama, na mwenyewe amesimama nalo.

Mama anakusalimu sana na anasema wanangu wakue salama na wasisahau lugha. Shangazi anakusalimu na anauliza zile picha ulizoahidi. Polepole naye ametuma salamu, ingawa kwa mwendo wake sijui zitafika lini. Msalimie sana wifi. Mungu awalinde, awape afya na riziki ya halali, na atupe siku ya kuonana sote tukiwa hai.

Nisamehe kama nimekosa. Nisiposamehewa, nitaishi hivyo hivyo nikikupenda.

Ndimi dada yako mdogo, akukumbukaye kila Jumamosi.

Hapa chini nimemwachia Baba nafasi. Ameandika kwa kushoto, usicheke mwandiko.

*Mwanangu. Nimekaza mwenyewe yote manne. Pande zako zilikuwa sahihi. Baba.*