Majina Niliyoyafua

Jumatatu, 2 Machi
Nimefua tena. Vitambaa vya madhabahu ni zamu yangu, miaka sita sasa. Maji ya kwanza namwaga nje kwa theluji, si kwa sinki, maana yamegusa divai takatifu. Ndivyo tulivyofundishwa kwetu Taita. Wazungu wa hapa Saint Paul wananiangalia tu. Leo padri kaniongezea kitambaa kikuukuu cha stoo, kina madoa ya kahawia. Nikakitia jiki. Kimetakata! Goti linauma. Wakesho, mjukuu wangu, anasema nikiongea simu inaandika. Haya, andika.

Jumatano, 4 Machi
Mungu wangu. Hayakuwa madoa. Ni majina! Wale wamama walioanzisha supu ya watu wa barabarani hapa kanisani, zamani za njaa, walijiandika kwa wino. Padri katangaza: Jumapili kinatundikwa, sikukuu ya kanisa. Nilikuwa nagawa supu, nikammwagia mzee wa watu kwenye koti. Mimi sijui kusoma. Hapa hakuna anayejua hilo. Nawaambia miwani imepotea. Miaka sita miwani imepotea.

Ijumaa, 6 Machi
Sijala. Kitambaa kiko chini ya godoro, cheupe kama sanda. Padri kapiga simu mara mbili. Sikushika. Wakesho ati, "Bibi, sema kimeibiwa." Nikamfokea. Kimeibiwa na nani? Si watasema ni wale tunaowapa supu, wawafungie mlango?

Jumamosi, 7 Machi
Nimeenda kwa Doroti, yule mzungu wa miaka tisini tunayekata naye karoti. Mamake, Helga, alikuwa mmoja wa wale wamama. Nimemwekea kitambaa magotini, nikasema yote. Na ya miwani.
"Ya miwani nilijua," akasema. "Kitabu cha nyimbo unafungua popote tu."
Kisha akalia. Sikujua pa kuweka mikono. Akachukua penseli, akaandika palepale kitambaani majina aliyokumbuka. Tisa kati ya kumi na mawili. Matatu yamepotea kabisa. Nikaanza kushona juu ya penseli, kwanza la Helga: herufi ya mwanzo nguzo mbili, daraja katikati.

Jumapili, 8 Machi
Nimesimama mbele ya watu nikasema ni mimi. Padri kainamisha kichwa. Wengine hawakunisalimu. Sawa. Kimetundikwa hivyo hivyo, uzi majina mawili, mengine penseli.

Jumatano, 11 Machi
Supu imeisha mapema. Nimesugua ile sufuria kubwa. Chini yake kuna mikwaruzo, naisugua siku zote haitoki. Leo nikaigeuza kwa dirisha. Nguzo mbili, daraja katikati. Helga.
Sikusugua tena.