Nyufa za Sebuleni Kwako

Papa Donat,

Sitakuuliza hali yako, na wewe usiniulize yangu. Ulinizoesha kutaja kosa kabla sijavua viatu, basi nalitaja: nimeiharibu sakafu yako. Si ya mteja. Yako, ya sebuleni, nyumbani kwako pale Saint-Josse, huku Ulaya, mbele ya kiti chako.

Tangu tukuzike Novemba nafanya kazi yetu ya sakafu za mbao peke yangu. Napandisha mashine ya msasa ngazi kwa ngazi, nala mkate nimekalia ndoo ya vanishi, na siku nzima inapita bila neno la Kiswahili. Nina miaka arobaini na sita, na kwa miaka kumi na mmoja ulikuwa ukiniita mutoto mbele ya wateja, nami nikinuna. Sasa hakuna anayeniita hivyo. Kumbe nilikuwa nalipenda lile jina.

Februari Maman Béa wako alinipigia simu. Nyufa zilikuwa zimefunguka sebuleni, makombo yanaingia, hereni yake imetumbukia humo. "Donat hangeacha ivi," alisema. Nilikwenda siku ileile. Papa, sikwenda kama fundi. Nilikwenda kwa sababu kuna mtu aliyenihitaji, na nyumba yako bado ina harufu yako. Nilichanganya unga wa mbao na gundi, nikaziba kila ufa, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Maman alinisifu, akanipikia bukari na sombe. Mgema akisifiwa, unajua mwisho wake.

Na somo nilikuwa nalijua. Watu wote wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe ulikuwa ukicheka kwamba aliyetunga methali hiyo alikuwa mtu wa matofali. "Mbao iko inatembea, mutoto. Uione janvier, uione août, kisha njo ushike gundi." Januari, wakati wa baridi, chauffage ya kupasha nyumba joto inakausha hewa, ubao unakonda, ufa unafunguka. Agosti, kiangazi, ubao unanyonya unyevu, unanenepa, ufa unajifunga wenyewe. Wa kuziba ni ule usiobadilika majira yote mawili. Ulikuwa ukipima kwa karata zako kuukuu, ukihesabu ni ngapi zinapita ufani. Nilijua yote hayo na sikungoja. Nilitaka Maman aone kwamba uliacha mtu.

Julai mbao zikanenepa, zikakosa pa kwenda, zikainuka. Maman akajikwaa karibu na kiti chako. Hakuanguka, Mungu alimshika. Wala hakunigombeza. Alisema tu, "Bon, tutaweka tapis." Zulia la kufunika kosa langu: afadhali angenitukana.

Nikaanza kung'oa ule ubao mwembamba unaopita chini kando ya ukuta, penye radieta ya chauffage, ili nizipe mbao nafasi. Ulikuwa umeushika kwa skrubu mbili tu, nikashangaa, maana wewe si mtu wa skrubu mbili. Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na mwandiko wako wa penseli. Mwaka kwa mwaka: Janvier, karata moja. Août, haiingii. Janvier, karata moja. Août, haiingii. Mwaka mmoja tu ulikuwa na karata nne, na pembeni umeandika: "Nilikuwa ku hôpital. Sufuria ilikauka."

Nilikaa pale chini nikalia.

Ile sufuria ya maji juu ya radieta! Miaka yote nilikuwa naiona nikidhani ni mambo ya wazee, kumbe mvuke wake ndio uliokuwa ukizinywesha mbao. Maman naye alidhani ni kwa ajili ya kikohozi chako. Matanga yalipokwisha aliirudisha jikoni, akawa anapikia maharagwe. Na kwa kuwa yuko peke yake anasikia baridi, basi anawasha chauffage kuliko zamani. Mbao zako hazikuwa na ugonjwa wowote, Papa. Zilikauka kwa sababu haupo.

Nimetoa gundi yangu yote kwa kisu na patasi, siku nne nikiwa magotini. Mbao zilizoinuka nimezirudisha, na pembezoni nimeacha nafasi kama ulivyonifundisha. Hereni nimeipata. Ufa mmoja tu ndio nimeuziba, ule wa mlangoni, maana pembeni ya orodha yako umeandika kuwa huo ni karata mbili baridi na joto. Nimeingiza kipande chembamba cha mbao, nikakipaka gundi upande mmoja tu, ili ubao wa pili utembee utakavyo.

Leo, Agosti, nimejaribu karata. Haiingii. Nikachukua penseli, nikaandika chini ya mstari wako wa mwisho: Août, haiingii. Mwandiko wangu ni mbaya kuliko wako. Maman alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma mistari yote, taratibu, kwa kidole. Kisha akaenda jikoni, akaosha sufuria, akairudisha juu ya radieta, tupu, katikati ya kiangazi. Ya maharagwe nitamletea nyingine.

Pumzika, Papa. Chauffage ikiwashwa nitakuwa napita kila Jumapili baada ya misa kuweka maji, na Januari nitapiga magoti na karata zako mbele ya kiti chako, kisha niandike kipimo. Ule ubao wa ukutani nimeurudisha kwa skrubu mbili tu.

Mutoto wako