Viatu Nilivyomuazima Sikuli Julien Aende Kuomba Kazi ya Vakansi

MAELEZO YA MUSHAHIDI
Polisi ya Goma, tarehe 18 mwezi wa saba 1956, saa mbili ya asubuhi

Jina langu ni Nzabonimpa Édouard. Nina miaka 47, ao 48. Mama aliyejua sawasawa amekwisha kufa. Ni mupishi wa hoteli moja pembeni ya ziwa tangu mwaka 1937. Ninakaa cité ya Goma, mutaa wa watu weusi. Nasema bila kulazimishwa, mbele ya Brigadier Ndayambaje.

Mnamo tarehe 16 mwezi huu, magaribi, jirani yangu mama Marie-Louise aliniletea mutoto wa dada yake, Sikuli Julien, miaka 17, mwanafunzi wa mapadri kule Butembo. Alikuwa anatafuta kazi ya vakansi, wakati masomo yamefungwa. Kwetu hoteli walikuwa wanatafuta boyi wa meza, maana mwezi wa saba Wazungu wanakuja wengi kuogelea. Nikamupa mashauri. Mimi nikipata mutu wa kunisikiliza, sinyamazi. Nilimuambia: "Mutoto, ukienda bila viatu watakupa jembe. Vaa hivi vyangu vya ndoa." Vilikuwa vikubwa, tukajaza gazeti mbele. Marie-Louise alicheka, akasema anafanana na karani.

Kosa ni hilo, Brigadier. Boyi wa meza kwetu haruhusiwi kuvaa kiatu, kwa sababu ya sakafu yenye kupakwa nta. Kila mutu anajua. Lakini mimi miaka kumi na tisa niko jikoni, chakula nakipitisha kwenye kadirisha. Mikono ya maboyi naijua yote, hata kucha. Miguu yao sijaiona.

Tarehe 17, saa tatu ya asubuhi, Julien aliingia kwa mulango wa mbele, ule wa Wazungu. Huo nao sikumukataza. Nilisikia viatu vikilia, halafu sauti ya Hitimana, kapita mwenye kusimamia maboyi: "Ee! Muangalie musenji na viatu! Ukae tukuletee kahawa, Monsieur?" Julien alijibu polepole, kwa Kifaransa, kwamba anaomba kazi. Bwana anayesimamia hoteli akapiga kelele: "Toa hivyo!"

Niliinama kwenye kadirisha, nikaona. Julien alikuwa anafungua kamba. Nilizifunga mimi, kwa nguvu, visimutoke njiani. Alikawia. Bwana akasema mutoto anakataa amri. Hitimana akamuvuta muguu, Julien akaanguka pamoja na kitambaa cha meza na vikombe sita. Hakupiga mutu. Hakuinua mukono, isipokuwa kujikinga uso.

Bwana akamuuliza: "Viatu hivi umeviiba wapi?"

"Ni vya papa Nzabonimpa, mupishi wenu."

Bwana alipiga kadirisha kwa ngumi. "Nzabonimpa! Ni vyako?"

Nilisema: "Hapana, Bwana."

Julien aliniangalia. Walipomupeleka polisi nilirudi kwa supu yangu, nikaitia chumvi mara mbili.

Magaribi mama Marie-Louise alisimama mulangoni pangu. "Papa Nzabonimpa, mutoto analala kwa simenti kama mwizi, na wewe uko unakula?" Ni kweli, nilikuwa ninakula. "Mapadri hawapokei mutoto aliyefungwa. Umemumaliza." Bibi yangu Nyirakamana aliondoa sahani mbele yangu.

Viatu ni vyangu. Nilivinunua Bunagana nilipooa. Muvigeuze: kisigino cha kushoto kina misumari saba ya fundi Henri, kwa sababu natembea kama bata. Hitimana naye anavijua. Tunasali kanisa moja, na kila Pasaka ananicheka. Jana alinyamaza. Mimi nilifanya vibaya kumupita yeye.

Leo asubuhi Hitimana amenikuta njiani, akaniambia: "Muzee, ukienda kusema, jiko lako limekwisha kupata mutu." Nikamujibu amuonye huyo mutu kwamba furu la kushoto, la kuokea mikate, linaunguza.

Niliyoyaona ni haya. Ule uongo wa "Hapana, Bwana" ni wangu, si wa mutoto. Nimesomewa, nimekubali.

(Sahihi) Nzabonimpa Édouard

Noti ya Brigadier: Nimemuuliza mushahidi mara mbili kama anataka kuondoa neno lolote, maana Bwana wa hoteli anamungojea inje. Amekataa. Viatu vimegeuzwa, misumari imeonekana. Sikuli Julien ameachiwa saa tano, hana kosa. Saa tano na nusu Bwana wa hoteli ameacha mezani pangu buku ya kazi ya mushahidi, ile kila bwana anasoma mbele ya kumuandika mutu. Ndani ameandika: "Mupishi muzuri. Mwongo. Asichukuliwe tena."

Ndayambaje, Brigadier