Kiti cha Kunesa cha Azizi

Sparkbrook, Birmingham
Jumapili

Mama yangu kipenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai mikono yako itaifungua barua hii ukiwa umetulia, presha imeshuka na lile jino halikusumbui tena. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Mkweo Khatib yupo na kazi zake, na mjukuu wako Azizi katimiza miezi minne, mashavu yamejaa hata shingo haionekani. Utauliza barua ya nini na simu tunapigiana kila siku. Jirani yetu Saido anakuja Unguja, nikaona nimpe mkononi, maana nina neno ambalo kwenye simu nisingelimaliza. Lakini nianze na mazuri.

Unakikumbuka kile kiti chake cha kunesa nilichokuonyesha kwenye video, kinachochezacheza akipiga miguu? Nilikichagua mwenyewe, tena kwa ubishi. Bi Varsha wa mlango wa pili alitaka kunipa cha mwanawe bure, kizuri kweli, ila kifungo cha mkanda kimevunjika. Khatib akasema tutafunga kwa kanga. Nikamwambia kanga nitajifunga mimi, mwanangu atafungwa mkanda. Tukenda zetu Barabara ya Ladypool, nikavitikisa viti vya watu mpaka muuzaji akanuna, nikapata chenye miguu mipana isiyoyumba na mkanda unaopita kiunoni na katikati ya mapaja.

Nesi anayetembelea wachanga majumbani alikisifu. Akatuambia kiwekwe sakafuni tu, si mezani wala kitandani, mkanda ufungwe kila mara, na mtoto asishindishwe humo. Akisinzia atolewe akalazwe chali kitandani kwake, kwa sababu kichwa kikimwangukia kifuani pumzi hubana. Bi Ruzuna, mama mkwe wangu, aliyekuja kutusaidia kulea, alikuwapo. Nilimfasiria kila neno naye akaitikia.

Basi wiki ile ya baridi kali nilitoka kununua mkate. Narudi, namkuta Azizi na kiti chake juu ya meza ya jikoni, kafunikwa mablangeti hata mkanda haukufungika. Bi Ruzuna kanipa mgongo, anakoroga uji. Kila mtoto akipiga mguu, kiti kinasogea. Nilikiona kikifika ukingoni. Bi Ruzuna akageuka, akaruka, akamdaka mwanangu kifuani, kiti kikaanguka peke yake. Azizi hakupata hata mkwaruzo.

Hasira hasara, ulinifundisha, lakini siku ile sikukumbuka. Nilimwambia mama mkwe maneno ambayo hata kuyaandika naona haya. Khatib akasema ajali haina kinga, nikamjibu hii ilikuwa nayo, mkanda na sakafu. Nikamtaka ambadilishie mamake tiketi arudi nyumbani upesi, kwani kazini narudi karibuni na sikuweza tena kumwachia mtoto. Bi Ruzuna hakujitetea. Nilipomuuliza kwa nini, na nesi alisema aliyoyasema, alijibu tu kwamba aliona sakafu ya huku ina baridi, itamwingia mtoto mbavuni, na kosa ni lake. Akaniomba radhi, mama. Mtu mzima vile, ananiomba radhi mimi.

Halafu Alhamisi ukapiga simu. Ukaniuliza, kwa upole wako, kama Bi Ruzuna bado anampandisha Azizi mezani, kwani ulimsihi asikubali mjukuu wako awekwe chini kwenye baridi, manesi waseme wasemavyo. Nikakwambia mtandao mbovu, nikakata. Mtandao ulikuwa mzima, mama.

Nilimfuata Bi Ruzuna chumbani, nikamuuliza kwa nini kanyamaza na tiketi inatafutwa. Akasema wewe uko mbali, mjukuu humuoni ila kwenye kioo cha simu. Ukijua kaponea chupuchupu kwa neno lako, hutalala, wala huna pa kumfikia umshike roho ikutulie. Yeye angalau anaye mkononi. Nikambusu mikono, nikalia mpaka Azizi akanishangaa.

Tiketi haiguswi tena. Hapa ninapoandika kiti kiko sakafuni juu ya busati, mkanda umefungwa, na Bi Ruzuna kakaa kando yake anamkuna nyayo, mtoto anacheka. Akisinzia anamtoa mwenyewe, akinikumbusha alivyosema nesi. Nyumba imepoa, nami nina raha.

Aliniomba nisikwambie. Nakwambia, kwa sababu Khatib mpaka leo anadhani mamake ni mzembe, na ukweli nataka ausikie kwako, si kwangu. Sikulaumu. Ulimwogopea mtoto baridi, na huyu naye akakuogopea wewe.

Nisalimie baba, Nasreen na wanawe, na wote wanaoniulizia. Mpigie Bi Ruzuna, mama. Usianze kwa kumuulizia mtoto, anza na yeye mwenyewe.

Mwanao anayekupenda,
Mwatima